Kusubiri Damu Igande

Fomu ya kipimo ina nafasi ndogo ya maelezo ya mgonjwa, na mtaalamu wa maabara ninayemtazama hapa Karungu huijaza hadi ukingoni. Mgonjwa ni msichana wa miaka minane. Akila nyanya mbichi, midomo huvimba na shingo huota vipele vya kuwasha. Mtaalamu anamuuliza mama yake kwa Kijaluo, jambo moja moja. Nyanya zilizopikwa na omena humsumbua pia? Siku hiyo alikula njugu, au osuga? Dalili zilianza baada ya muda gani? Hapo anangoja jibu bila kumsaidia mama kulitafuta. Mzio wa chakula wa aina hii kwa kawaida hujitokeza kati ya dakika chache na saa mbili, kwa hiyo swali hilo lina uzito kuliko mengine. Mama anafikiri, anakumbuka alikuwa anaosha vyombo vya mchana. Mtaalamu anaandika: robo saa.

Anafunga mpira juu ya kiwiko cha mtoto na kupapasa mkono kwa ncha ya kidole cha shahada. Mshipa mzuri si lazima uonekane. Ukiubonyeza unanesa na kurudi juu. Akishaupata, anapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, kisha anatulia nusu dakika. Hapepei, hapulizi. Spiriti isiyokauka humwasha mtoto, na ikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Sindano inaingia kwa mlalo, tundu lake likitazama juu, na chupa yenye kifuniko chekundu inaanza kujaa. Mara damu inapotiririka vizuri anaulegeza mpira, maana mkono uliofungwa zaidi ya dakika moja hubadilisha damu yenyewe. Sindano iliyotumika haivishwi kofia tena. Inakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Jina, umri na tarehe anaviandika kwenye chupa papo hapo, mama akiona.

Sasa chupa inasimama wima kwenye kishikizi, nusu saa nzima. Damu lazima igande yenyewe. Ikizungushwa kabla ya wakati, nyuzi laini za mgando hubaki ndani ya majimaji na kuja kuziba mdomo wa pipeti katika maabara itakayoipokea. Nimeona watu wenye haraka wakiitikisa chupa ya namna hii. Yeye haigusi.

Nusu saa hiyo anaitumia kupima choo cha mtoto, ambacho hakuna aliyemwagiza akipime kwa ajili ya mzio. Ni uamuzi wake, na kwangu ndio unaoonyesha umahiri wake kuliko yote. Pwani hii ya Ziwa Victoria ni makao ya kichocho cha tumbo: konokono wanaokibeba huishi kwenye maji ya kando, mle mle watoto wanamochota maji na kuoga. Anakichuja choo kwenye wavu mwembamba, anakijaza kwenye tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, anakilaza juu ya kioo na kukifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini. Mayai ya safura hutoweka machoni yakicheleweshwa, kwa hiyo atayatafuta ndani ya saa moja. Ya kichocho huvumilia zaidi, na hujitambulisha kwa mwiba ulio ubavuni. Atahesabu kila yai atakaloliona chini ya hadubini, azidishe kwa 24, apate idadi katika gramu moja.

Damu imeganda. Anaiweka kwenye mashine ya kuzungushia, na upande wa pili anaweka chupa ya maji yenye uzito ule ule ili mashine isiyumbe. Dakika kumi baadaye donge jekundu limekaa chini, na juu yake imebaki seramu, ya manjano hafifu kama chai ya mchaichai. Anaishusha pipeti bila kuligusa donge, ananyonya kwa kidole kisichotetemeka, na kuacha kwa makusudi tabaka la mwisho lililo karibu na wekundu. Kilichobaki hapo kingeweza kuchafua seramu yote. Kichupa cha seramu kinafungwa, kinaingia kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, kisha kwenye kisanduku cha barafu, na kuanza safari ya barabara ya Ndhiwa na Rodi Kopany kuelekea maabara kubwa yenye mashine ya kupimia mzio.

Kinachotafutwa huko ni kingamwili iitwayo IgE. Kuwapo kwa kitu cha namna hiyo ndani ya damu kulionyeshwa mwaka 1921 na Carl Prausnitz, aliyejidunga ngozini seramu ya mwenzake Heinz Küstner, mtu asiyeweza kula samaki. Siku iliyofuata Prausnitz alipodunga dondoo la samaki mahali pale pale, ngozi yake ilivimba. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na Johansson na Bennich nchini Uswidi, kuitambua kingamwili yenyewe. Mwaka 1968 ikapewa jina.

Kipimo cha leo kinahitaji mikrolita 40 za seramu kwa kila chakula, chini ya tone moja. Protini za nyanya zimeshikizwa kwenye sponji ndogo. Seramu inamiminwa juu yake. IgE inayoitambua nyanya inanasa, mengine yote yanaoshwa. Inaongezwa kingamwili ya pili, inayoishika IgE na kubeba kimeng'enya. Inaoshwa tena. Kisha kinatiwa kiowevu ambacho kimeng'enya hukigeuza kikang'aa, na mashine inapima mng'ao. Kwa miaka mingi mpaka wa jibu chanya ulikuwa kilouniti 0.35 kwa lita, kiasi kisichofika sehemu moja ya bilioni ya gramu katika mililita moja ya seramu.

Hapa ndipo kioo cha choo kinapodai nafasi yake. Minyoo huufanya mwili utengeneze IgE nyingi mno, na baadhi yake hushika sukari zilizo kwenye protini za mimea kwa sababu zinafanana na sukari za minyoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa shule nchini Ghana ulihusisha kichocho na IgE dhidi ya njugu, ilhali watoto wachache mno ndio ngozi zao zilivimba zilipojaribiwa kwa njugu. Kwenye visiwa vya Koome, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, watafiti wamekuta kingamwili za namna hiyo kwa wingi miongoni mwa wavuvi. Mtoto wa Karungu anaweza kuwa na jibu chanya kwa nyanya, karoti na njugu kwa pamoja, na asidhuriwe na hata kimoja. Maabara inaweza kupima pia IgE dhidi ya bromelaini, kimeng'enya cha nanasi chenye sukari hizo hizo. IgE hiyo ikipanda, majibu ya mimea mingine yasomwe kwa tahadhari.

Kwa hiyo mtaalamu wetu anamtumia daktari karatasi ya majibu ya choo pamoja na fomu ya damu, na kuirudia ile robo saa kwa wino mzito. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari. Akiona shaka, mtoto atalishwa nyanya hospitalini, adrenalini ikiwa mkononi: kwanza chembe ndogo, kungoja, kipande kikubwa kidogo, kungoja tena, hadi afikie kiasi anachokula nyumbani au midomo ianze kuvimba.