Kijiti na Dishi

Msomaji, ukisimama katika soko la Naitiri, kusini ya Kitale, katika eneo la Tongaren la kaunti ya Bungoma, ukainua macho kutazama mapaa ya mabati, utaona alama mbili za televisheni. Ya kwanza ni dishi, bakuli lielekealo mbinguni. Ya pili ni antena, mlingoti wenye vyuma vyembamba. Alama ya tatu huioni, kwa kuwa hukaa nyuma ya televisheni yenyewe. Ni chombo kidogo ambacho wengine hukiita kijiti na wengine kisanduku. Huchomekwa katika tundu la televisheni, kikavuta picha kutoka katika intaneti na kuzionyesha kiooni. Wauzaji wake husema maneno matamu: kinunue mara moja, ulikate dishi, nawe hutalipa tena ada ya mwezi. Insha hii yataka kuyapima maneno hayo, iyatenge ya kweli na yasiyo kweli.

Huenda ukasema kwamba jambo lenyewe ni dogo, la mchezo na starehe. Sivyo. Naitiri ni nchi ya mahindi. Mkulima hupanda mvua za masika zikianza, akavuna mwishoni mwa mwaka, na fedha nyingi za nyumba huingia kwa msimu mmoja. Fedha hizo hizo ndizo zitakazolipa karo ya Januari, zikanunua mbolea na mbegu, zikamtibu mgonjwa. Lakini ada ya televisheni haingoji msimu. Huja kila mwezi, mahindi yawe ghalani au yawe bado majani shambani. Ichukue ada ya mwezi, uizidishe kwa 12, kisha uigawe kwa bei ya gunia moja la kilo 90. Utajua nyumba yenu hutazama magunia mangapi kwa mwaka. Mtu aliyekwisha kufanya hesabu hiyo hatauita uamuzi huu mchezo.

Tuanze na kijiti. Kampuni ya Roku ya Marekani ilitoa kisanduku chake cha kwanza mwaka 2008; Google ikaleta Chromecast mwaka 2013, na Amazon ikatoa kijiti chake mwaka 2014. Vyote vina tabia moja: havina picha ndani yake. Kijiti ni bomba, si maji. Mtu anunuaye bomba akalipeleka nyumbani bila kuuliza kisima kiko wapi atakuwa na bomba zuri na ndoo tupu. Kwa hiyo swali wanalouliza watu wengi, kama kijiti chaweza kushika mahali pa televisheni ya kulipia, limeulizwa vibaya. Chombo hakiwezi kushika mahali pa huduma. Huduma hushindanishwa na huduma, na gharama yote na gharama yote.

Tazama sasa tofauti ya njia zenyewe. Dishi hupokea mawimbi kutoka katika setilaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mawimbi hayo hushuka kama mvua: yakinyesha juu ya paa moja au juu ya mapaa milioni moja, gharama ya kuyarusha ni ile ile, na ukitazama saa moja au saa kumi ada yako haibadiliki. Intaneti haishuki kama mvua. Ni maji ya mfereji wenye mita, na kila nyumba huvuta yake. Netflix yenyewe hueleza kwamba picha ya kawaida yaweza kutumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, picha safi hadi gigabaiti 3, na picha safi kupita zote hadi gigabaiti 7.

Haba na haba hujaza kibaba; nayo haba ya gigabaiti hukimaliza kibaba pia. Tuseme nyumba moja hutazama saa 3 kila siku kwa picha safi. Hizo ni gigabaiti 9 kwa siku, na kwa siku 30 ni gigabaiti 270. Wakiridhika na picha ya kawaida, watatumia 90. Sasa nenda kwa muuza bando, umwulize bei ya gigabaiti 90 za simu, kisha uilinganishe na ada ya dishi. Mahali palipopitishwa waya wa faiba, ambako mtu hulipa kiasi kimoja kwa mwezi bila kupimiwa, kijiti chaweza kushinda kwa urahisi. Mahali ambapo intaneti yote hutoka katika bando la simu, ushindi huo hugeuka hasara. Tena yupo mtu awezaye kununua intaneti ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Lakini na atambue kwamba amelishusha dishi moja ili apandishe jingine, na kwamba hilo nalo lina ada yake ya mwezi.

Liko jambo jingine ambalo hesabu ya fedha hailionyeshi. Katika nyumba nyingi za vijijini intaneti hukaa ndani ya simu ya mtu mmoja. Baba akiwasha simu yake, kijiti hupata uhai. Baba akienda Kitale na simu mfukoni, kijiti hufa. Bibi aliyezoea kusikiliza taarifa ya habari jioni hukaa mbele ya kioo cheusi, naye hana namba ya siri wala bando. Dishi na antena vilikuwa mali ya nyumba. Kijiti cha namna hii ni mali ya mfuko wa mtu. Katika kuhesabu faida, tusimsahau yule asiyeshika simu.

Baada ya njia tutazame kinachopita ndani yake. Mashabiki wa mpira ndio nguzo ya televisheni ya kulipia, wala haikutokea hivyo kwa bahati. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza katika nchi zetu zimeshikwa kwa miaka mingi na SuperSport, chaneli za kampuni ya MultiChoice, yenye DStv na GOtv, ambayo Canal+ ya Ufaransa iliichukua mwaka 2025. Mwenye haki ndiye mwenye mlango. Kijiti hakiubomoi mlango huo. Kampuni hiyo hiyo yauza chaneli zake kwa njia ya intaneti vile vile, kwa ada. Hivyo mpenda mpira aliyelikata dishi huenda akajikuta analipa mara mbili: mpira kwanza, kisha bando la kuuleta. Tena picha ya intaneti aghalabu huchelewa kwa sekunde nyingi. Utasikia kelele za goli kutoka dukani kwa jirani mwenye dishi, nawe kiooni mwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Walakini haki itendeke pande zote mbili, maana dishi nalo lina makosa yake. Hukuuzia chaneli nyingi ili upate tatu uzipendazo. Hukutoza ada ya mwezi mzima hata kama mwezi huo mlikuwa shambani kutoka alfajiri hadi usiku. Mvua kubwa ya alasiri inapoanguka, picha hukatika kwa sababu matone huyadhoofisha mawimbi. Tena vipindi vyake vina saa zake; aliyekosa amekosa.

Hapa ndipo kijiti kinapostahili sifa. Mtazamaji wake huchagua saa. Huweza kulipa mwezi mmoja na kupumzika mwezi wa pili, bila kumpigia mtu magoti. Nawe mwanafunzi una sababu yako mwenyewe ya kukisifu. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, taasisi ya mitaala, KICD, ilifundisha kwa redio, kwa televisheni ya Edu na kwa YouTube. Aliyesikiliza redio alilisikia somo mara moja likapita. Aliyekuwa na intaneti aliweza kulisimamisha, akarudi nyuma, akalitazama jaribio la fizikia hata akalielewa. Faida hiyo si ya mchezo, na dishi halina ya kulingana nayo.

Lakini usidanganyike na neno «bure». Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 iliwapa Wakenya mpango usio na malipo, wa kutazamwa katika simu za Android tu. Kabla ya mwaka 2023 kwisha mpango huo ulikuwa umefungwa. Sisemi kwamba walitenda kosa, maana mwenye duka ana haki ya kuondoa kionjo mezani. Nasema kwamba nyumba haijengwi juu ya kionjo. Na kuna bure iliyo mbaya zaidi: visanduku visivyo na jina linalojulikana, vinavyouzwa kwa ahadi ya kufungua chaneli zote za dunia bila ada. Kumwonyesha mtu kipindi kilichoibwa ni kumfanya mshiriki wa wizi, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Tena mwizi aweza kuwa ndani ya kisanduku chenyewe. Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilionya kwamba mamilioni ya vyombo vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya televisheni vya namna hiyo, vilikuwa vimetiwa programu mbovu zinazowaruhusu wahalifu kuutumia mtandao wa mwenye nyumba. Mgeni asiyejulikana jina haruhusiwi kulala sebuleni. Vivyo hivyo na kisanduku.

Sasa turudi kwenye mapaa ya Naitiri, tuitazame alama ambayo wabishanao husahau kuitaja: antena. Televisheni ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilipokewa kwa antena bila ada ya mwezi kwa kampuni yoyote. Mwaka 2015 nchi iliyaacha mawimbi ya zamani ikaingia ya dijitali. Mabadiliko hayo yalikuwa na ugomvi, hata Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa zaidi ya juma mbili kuanzia Februari. Kila televisheni ya zamani ilihitaji king'amuzi, na kwa kuwa ving'amuzi vingi vilivyojaa madukani vilikuwa vya makampuni ya kulipia, watu wengi waliamini kwamba televisheni yote sasa ni ya kulipia. Imani hiyo si sahihi. Viko ving'amuzi visivyodai ada, na ziko televisheni mpya zenye king'amuzi ndani yake. Kwa antena nzuri na mahali panapofikiwa na mawimbi, habari, mahubiri, tamthilia za Kiswahili na baadhi ya michezo hupatikana bila shilingi moja ya mwezi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kijiti peke yake hakiwezi kushika mahali pa televisheni ya kulipia katika nyumba ya Naitiri itegemeayo bando la simu, hasa kama mpira ndio roho ya nyumba hiyo. Lakini nyumba nyingi zilipazo ada hazihitaji kijiti wala dishi ili kuokoa fedha. Zahitaji antena, na ujasiri wa kukiri kwamba zilikuwa zikilipia mazoea. Palipo na intaneti isiyopimwa, kijiti na antena vikishirikiana vyaweza kulipumzisha dishi bila majuto, ila kwa yule asiyeweza kuikosa mechi ya Jumamosi. Huyo na alipe, tena alipe kwa furaha akijua anacholipia. Starehe iliyochaguliwa kwa macho wazi si upotevu.

Usinitegemee mimi, msomaji, maana siijui nyumba yenu. Chukua daftari. Kwa siku 30 andika kila kipindi kilichotazamwa, nani alikitazama, na kama kingepatikana kwa antena. Mwombe bibi yako naye aseme lake, maana sauti yake husahaulika upesi. Mwezi ukiisha, mpelekee baba au mama daftari hilo, si kwa kumfundisha mzazi kazi yake, bali kwa kumsaidia hesabu. Na kabla dishi halijashushwa, azimeni kijiti kwa jirani mkijaribu kwa juma moja, mkiandika kila bando lililonunuliwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kununua msala mpya. Walimtaka kwanza aujue ule wa zamani thamani yake, na ule mpya bei yake.