Jinsi Gadenia Ilivyofikishwa Kwenye Nchi za Jalidi

Gadenia ni kichaka cha familia ya Rubiaceae, familia ile ile ya mbuni, chenye majani mazito yanayong'aa mwaka mzima na maua meupe ambayo harufu yake huenea uani kote jioni inapoingia. Spishi inayopandwa zaidi bustanini, Gardenia jasminoides, asili yake ni kusini mwa China, Taiwan, Vietnam na Japani, ambako matunda yake yamekuwa yakitumika kwa karne nyingi kutia rangi ya njano kwenye vyakula na vitambaa, kwa sababu yana krosini, kemikali inayoipa zafarani rangi yake. Ulaya iliipokea katikati ya karne ya 18, na kwa kuwa mche uliochanua katika bustani ya Richard Warner huko Woodford, Uingereza, ulikuwa umepitia Rasi ya Tumaini Jema, wengi waliuhesabu kuwa mmea wa Afrika, na jenasi yake ilikuja kupewa jina la Alexander Garden, tabibu na mwanasayansi wa viumbe aliyeishi Charleston, South Carolina. Katika nchi za kaskazini mmea huu ulilelewa kwa vizazi vingi ndani ya nyumba za vioo zilizopashwa joto, na swali linalostahili kuchambuliwa ni namna ulivyoweza kutolewa humo hadi ukasimama nje, mbele ya nyumba za kawaida za Virginia na Maryland, katika ukanda ambao baridi kali kabisa ya mwaka hufikia, kwa wastani, kati ya nyuzi 12 na 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Sehemu moja ya jibu ni uteuzi. Miongoni mwa vichaka vingi vya spishi moja huwapo vichache vinavyosalia pale vingine vinapokufa, na kila kimoja cha hivyo kinaweza kuzalishwa kwa vipande vya matawi, kwa hiyo mche unaopatikana hubeba urithi ule ule wa mmea mama bila kuchanganywa na mwingine. Ndivyo zilivyoenea aina kama 'Kleim's Hardy', ambayo kwa kawaida haizidi mita moja na huchanua ua la petali sita zilizopangwa safu moja, 'Chuck Hayes', yenye maua ya petali nyingi, na 'Frostproof', ambayo matumba yake yanasifiwa kwa kuhimili jalidi ya mwishoni, yaani umande unaoganda juu ya mimea usiku wakati majira ya chipuko yameshaanza. Mwenye bustani aliye kwenye mpaka wa baridi angefanya vyema kuanza na ua la safu moja, kwa kuwa tumba dogo lenye petali chache hufunguka upesi zaidi, ilhali tumba nene la petali nyingi hukaa siku nyingi likingoja kufunguka, na katika siku hizo upepo mkavu au usiku mmoja mbaya unaweza kuliangusha.

Hata hivyo uteuzi peke yake hauelezi kwa nini miche miwili ya aina moja, iliyonunuliwa siku moja, mmoja huvuka majira ya baridi na mwingine huwa mweusi hadi chini. Maelezo yako katika kile wataalamu wanachokiita ukomaaji wa baridi, yaani mabadiliko ambayo mmea huyafanya katika chembe zake siku zinapofupika na usiku unapoanza kupoa. Chembe hai hujilimbikizia sukari, utando wake hubadilika ili usipasuke ukipoa, na maji hutolewa polepole hadi kwenye nafasi zilizo kati ya chembe, ambako yanaweza kuganda bila kuua, kwa sababu kinachoua ni barafu inayofanyika ndani ya chembe yenyewe. Mabadiliko haya huchukua wiki kadhaa, na tawi linaloendelea kuchipua haliwezi kuyafanya, maana ukuaji na ukomaaji hugombea akiba moja ya nguvu. Kwa sababu hiyo mbolea yenye naitrojeni inayotiwa mwishoni mwa Agosti au Septemba, hata kama ilitiwa kwa mapenzi makubwa, huzaa machipukizi laini yatakayokutana na jalidi ya Oktoba yakiwa bado mabichi. Wakulima waliofaulu kuikuza gadenia kaskazini walilisha mapema, majira ya chipuko na mara nyingine tena baada ya maua ya kwanza, kisha wakaacha kabisa. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba uwezo wa gadenia kuvumilia Januari huamuliwa kwa kiasi kikubwa mnamo Agosti, na kwamba blanketi linalotupwa juu ya kichaka usiku wa baridi haliwezi kurekebisha kilichoharibiwa na mbolea ya miezi mitano iliyopita.

Majani yasiyopukutika huleta tatizo la pili. Jani la gadenia huendelea kupoteza maji kupitia vitundu vyake vidogo hata katikati ya majira ya baridi, lakini udongo ukishaganda mizizi haiwezi kuyarudisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kuungua kwa baridi ni kiu tu. Upepo wa kaskazini-magharibi huongeza upotevu huo, na jua la asubuhi linalogonga majani yaliyoganda huyayeyusha ghafla na kuyaumiza zaidi. Mahali panapofaa ni pale ambapo ukuta au ua wa miti huziba upepo huo na ambapo jua hulifikia jani baada ya hewa kupata joto kidogo. Kumwagilia maji ya kutosha kabla ya udongo kuganda, pamoja na kutandaza matandazo ya magome au sindano za msonobari kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, husaidia kuliko wengi wanavyodhani, mradi matandazo hayo yasirundikwe kwenye shina. Yana faida nyingine pia, ya kupunguza haja ya palizi, kwani mizizi ya gadenia hukaa karibu sana na uso wa ardhi na jembe lolote linalopitishwa hapo huikata.

Lakini ukuta huo huo unaokinga upepo na kutoa joto usiku huvuruga udongo, na hapa ndipo bustani nyingi zinaposhindwa bila mwenyewe kujua sababu. Gadenia inahitaji udongo wenye uchachu, yaani wenye pH kati ya 5 na 6 hivi, ambapo pH ni kipimo kinachoanzia uchachu mkali hadi ukali wa magadi, na 7 ikiwa katikati. Saruji na plasta za msingi wa nyumba huachia chokaa kidogo kidogo kila mvua inaponyesha, pH hupanda, na madini ya chuma yaliyomo udongoni hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyavuta. Dalili yake ni jani changa kugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Njano inayotokea kwenye majani ya zamani ya ndani majira ya chipuko ni jambo jingine, kwani hayo ni majani yanayostaafu. Kuongeza mbolea ya kawaida hakutibu upungufu huu, kwa sababu chuma kipo ila kimefungwa. Salfa ya unga hushusha pH, lakini kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoigeuza kuwa asidi, nao huhitaji miezi kadhaa na udongo wenye joto, kwa hiyo salfa hutiwa kabla ya kupanda. Kwa nafuu ya haraka hutumika chuma kilichofungwa kwenye molekuli inayokilinda: kile cha EDTA hufaa udongo usiozidi pH ya 6.5 hivi, na kile cha EDDHA hufanya kazi hata penye chokaa nyingi. Ni vyema kichaka kipandwe mita moja au zaidi kutoka ukutani, na sehemu ya juu ya bonge la mizizi ibaki juu kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasituame.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, asiye na hofu ya jalidi, anahusika moja kwa moja na suala hili, kwani udongo uliotokana na matumbawe una chokaa kwa asili yake, na gadenia iliyopandwa humo bila mboji nyingi na salfa hubaki njano miaka yote. Anahusika pia na suala la matumba, ambayo hujengeka na kubaki vizuri joto la usiku likiwa kati ya nyuzi 15 na 18, kiwango ambacho Lushoto, yenye udongo unaofaa chai na usiku wa baridi, hukikaribia kwa urahisi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Tumba linalodondoka kabla ya kufunguka mara nyingi limeshindwa na usiku wa joto, na pengine na hewa kavu, udongo uliokauka kisha ukafurikishwa, au thripsi, wadudu wadogo sana wanaojificha kati ya petali.

Kupogoa hufanywa mara tu maua yanapoisha, kwa kuwa matumba ya mwaka unaofuata huanza kutengenezwa mwishoni mwa majira ya joto, na mkasi unaopita baada ya hapo hukata maua yenyewe. Nzi weupe, vidukari na wadudu gamba hunyonya utomvu na kuacha umajimaji mtamu ambao ukungu mweusi huota juu yake. Mafuta ya kilimo yaliyopulizwa chini ya majani hutosha kwa kawaida.

Jambo la mwisho linahusu mche unaonunuliwa. Huko Florida, ambako minyoo fundo hushambulia mizizi, gadenia nyingi hubebeshwa, yaani tawi la aina inayotakiwa huunganishwa kwenye shina la Gardenia thunbergia, spishi ya Afrika Kusini ambayo mizizi yake huwashinda minyoo hao. Shina hilo halivumilii baridi kali, na likifa chini ya kiungo, aina ngumu iliyo juu yake hufa nayo. Lakini mche uliooteshwa kwa tawi la aina yenyewe, hata ukiungua hadi ardhini, unaweza kuchipua tena kutoka mizizini ukiwa wa aina ile ile. Kwa hiyo kabla ya kulipia mche utakaopandwa penye jalidi, muuzaji aulizwe kama umebebeshwa, na kama umebebeshwa, utafutwe mwingine.