Geuza Mkate Kwanza

Juni hapa Brooklyn Center, pembezoni mwa Minneapolis, ni mwezi wa mahafali. Kila Jumamosi kuna hema nyuma ya nyumba ya mtu, pilau iko mezani, sambusa zinagombewa, na pembeni, karibu na matikiti, pamewekwa mkate wa ndizi. Mwaka huu nimeona mkate mmoja ukisifiwa kupita kiasi. Watu waliupiga picha. Mzee mmoja mwenye heshima zake alisema tangu atoke Mombasa hajaonja mkate kama ule. Nikaomba kipande cha katikati, nikakigeuza. Chini kulikuwa na ukanda wa kijivu, unene wa kidole, uliolowa na kushikamana kama ugali uliolala. Mkate ulikuwa mbichi. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyegeuza.

Jambo hili limeniudhi, na sitaki kulinyamazia. Waokaji wa nyumbani tunao wengi siku hizi, kuanzia Brooklyn Boulevard hadi Brooklyn Park, wanaooka kwa oda za arusi, matanga na harambee. Wanachokosa ni wala mikate wanaojua wanachokula. Basi nitasema namna mkate wa matunda unavyohukumiwa.

Tuanze na maji, maana kazi nzima ya mkate huu ni maji. Ndizi mbivu ni maji kwa takriban asilimia 75. Embe linazidi 80, na nanasi linakaribia 86. Ukiweka ndizi zilizopondwa gramu 300 katika unga gramu 250, umekwisha kutia kikombe kizima cha maji kabla hujafikiria tui. Mwokaji hodari ni yule anayeyafanya maji hayo yageuke ulaini. Mwokaji dhaifu huyaacha yatafute njia yao wenyewe, nayo siku zote huenda chini.

Ndiyo maana sura ya juu haithibitishi lolote. Watu husifu ufa uliopasuka katikati na rangi ya hudhurungi. Ufa hutokea wenyewe: ganda hukauka mapema, rojo la ndani bado linaumuka, lazima lipasue mahali. Na rangi hutokana na sukari za ndizi pamoja na magadi soda. Ndizi iliyoiva sana imejaa sukari zinazobadilika rangi upesi kwenye moto, na magadi huharakisha mabadiliko hayo. Mkate unaweza kuwa na sura nzuri baada ya dakika arobaini huku chini bado ni rojo. Nimewaona wanaoongeza magadi makusudi ili wapate weusi wa kuvutia. Ukionja, ulimi unakutana na ladha ya sabuni.

Kwa hiyo geuza mkate. Kitako kizuri kina rangi ya hudhurungi iliyo sawasawa kutoka pembe hadi pembe, hakina madoa meupe katikati. Pembe zake ni kali, hazikuliwa. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kinatoa sauti kavu. Kibonyeze kwa dole gumba: kinarudi. Halafu kata kipande cha katikati, kamwe usikate cha mwisho, kwani ncha huiva hata kwa asiyejua kuoka. Tazama ule upande uliokatwa. Vitundu viwe vya ukubwa uleule tangu juu hadi chini, na sentimita ya mwisho isiwe na tofauti na sentimita ya kwanza.

Ukiona ukanda, usikimbilie kusema tu kwamba mkate haukuiva. Ukanda una sababu nne, na mjuzi huzitenganisha kwa macho.

Ukanda ulionyooka, unaong'aa, urefu wote wa mkate, maana yake ndizi zilizidi au moto wa chini haukufika. Ukanda wenye matundu marefu yanayopanda kutoka humo kwenda juu ni kazi ya mkono uliokoroga mno. Unga wa ngano ukikorogwa sana huvutana, na hewa hulazimika kujichimbia njia. Ukanda ulioko katikati tu, na juu yake pamebonyea, unasema mkate uliumuka ukaanguka: magadi yalizidi, au mtu alifungua oveni mapema kuchungulia. Wa nne ndio unaonikera zaidi, kwa sababu mkate wenyewe ulikuwa mzuri. Ndani pameiva vizuri, lakini uso wa kitako umelowa na ganda linabanduka. Mwokaji aliuacha upoe ndani ya bati, mvuke ukakosa pa kutokea, ukageuka maji chini yake. Dakika kumi zinatosha. Baada ya hapo mkate utolewe, uwekwe juu ya waya, upate hewa chini.

Kijiti cha meno, ambacho kila mtu hukichomeka kwa imani kubwa, hakimalizi shauri hili. Wengi hukichomeka juu juu katikati wala hawakifikishi chini, na kikipita kwenye bonge la ndizi hutoka kimelowa hata kama mkate umeiva. Kipimajoto ni cha kweli zaidi: nyuzi 93 hadi 96 za Selsiasi katikati ya mkate. Ila mwenye mikono iliyozoea hana haja nacho.

Bibi zetu wa Pwani walilijua hili bila kipimajoto. Mkate wa kumimina uliokwa kwenye sufuria, na moto ulianza chini, taratibu, mpaka vitundu vikatokeza juu ya rojo. Hapo ndipo makaa yalipopandishwa juu ya kifuniko ili uso upate rangi. Kitako kilitangulia, sura ikafuata. Mpangilio huo ulikuwa na akili ambayo oveni za Marekani zimetunyang'anya, maana oveni hupika pande zote kwa pamoja na uso hushinda daima. Nilikulia Tanga katika nyumba ambayo mkate haukuletwa mezani kabla mama mkubwa hajaupindua juu ya sinia na kuunusa upande wa chini. Akinusa harufu ya unga mbichi, hakugomba. Aliurudisha jikoni, na mgeni akasubiri. Siku hizi mgeni hasubiri, na mwokaji hataki kumsubirisha.

Hapa Brooklyn Center nimemwona mwenye adabu ileile, naye si Mswahili. Ni mama wa Kiliberia anayeoka ule mkate wao wa unga wa mchele na ndizi mbivu, wenye tangawizi na kungumanga. Waliberia ni wengi katika mji huu, na mkate wao unastahili kusomwa na kila mwokaji wetu. Mchele hauvutani kama ngano, hivyo kukoroga sana si hatari, lakini kitako hakina msaada wa kuubeba mkate: ama kimeshika, ama kimevunjika. Mama huyu huupindua mkate juu ya taulo na kuubonyeza mahali patatu kabla hajakubali kumuuzia mtu. Wateja wake husubiri wakiwa wamesimama, na hakuna anayelalamika.

Wadanganyifu nao wana ufundi wao. Yuko anayekikata kitako chote kwa kisu cha meno, akaulaza mkate juu ya karatasi ya fedha na kuunyunyizia sukari ya unga. Ukiona mkate mfupi kuliko bati lolote linalouzwa, uliza kilichobaki kimekwenda wapi. Yuko anayeukata vipande nyumbani na kuvipanga vimelaliana, ili pasiwe na kitako cha kugeuza. Yuko anayetia rangi ya manjano na arki ya ndizi kufidia ndizi zisizo na ladha.

Na ndizi zisizo na ladha ni balaa la majira ya baridi hapa. Ndizi haivumilii baridi iliyo chini ya nyuzi 13. Ukiziacha ndani ya gari Januari, ganda linageuka jeusi, nawe unadhani zimeiva. Hazikuiva. Baridi imeua ganda na kusimamisha uivaji. Wanga bado ni wanga, haujawa sukari. Mkate wa ndizi hizo ni mweupe, mzito, na una ukanda. Ndizi ya mkate huiva polepole juu ya kabati la jikoni, kwanza madoa, kisha weusi, na inukie kabla hujaimenya. Ikishaiva hivyo, igandishe ukipenda. Ukiiyeyusha itatoa maji mengi: yachuje, yachemshe hadi yabaki nusu, uyarudishe kwenye rojo. Hiyo ndiyo siri ya mikate yenye ladha nzito na kitako kikavu.

Tena tujue tunatumia ndizi gani. Maduka ya hapa yanauza Cavendish, ambayo ilichukua nafasi ya Gros Michel baada ya ugonjwa wa Panama kuangamiza mashamba ya biashara katikati ya karne iliyopita. Waganda bado wanaila Gros Michel na kuiita bogoya. Cavendish ni pole, haina ukali. Ndizi ya kisukari ya nyumbani ingeubeba mkate peke yake. Cavendish inahitaji kusaidiwa na ukwaju kidogo au maziwa ya mgando, ambayo pia huyapa magadi asidi ya kufanyia kazi.

Nazi isiwe ile iliyotiwa sukari. Nunua nazi iliyokunwa na kugandishwa katika maduka ya Waasia au ya Waafrika, uikaange kavu mpaka inukie. Chicha haitupwi. Tui liwe zito na liwe kidogo. Embe, tafuta lile la manjano jembamba liitwalo Ataulfo. Yale mekundu makubwa yana nyuzi, na nyuzi kwenye mkate ni aibu. Nanasi bichi lipikwe kwanza kwenye sufuria hadi likauke, kwani kimeng'enya chake hula protini za yai na maziwa. Vipande vyote vya matunda vionekane vimetawanyika. Vikiwa vimelala chini pamoja, rojo lilikuwa jepesi.

Iliki itwangwe siku hiyohiyo, mbegu tu, kutoka maganda ya kijani. Iliki ya chupa ni vumbi. Jimbo hili lina Waskandinavia ambao hutia iliki katika mikate yao ya hamira tangu babu zao wahamie. Duka la Ingebretsen's la Lake Street, Minneapolis, lipo tangu 1921. Mwenye kununua iliki iliyosagwa katika jimbo linaloijua iliki hivyo hana udhuru.

Wanaotoka bara la Kenya wakumbuke jambo moja zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Eldoret imezidi 2,000. Brooklyn Center haifiki 300. Huko juu hewa ni nyepesi, mkate huumuka upesi, na vipimo vya magadi vya kule ni vidogo. Kipimo cha Eldoret kikiletwa hapa huzaa mkate uliolala. Unga nao uangaliwe. Minneapolis ilipata jina kwa ngano ngumu ya masika, na unga wa mikate ya hamira una nguvu mno kwa kazi hii. Chukua wa kawaida, ukoroge mara chache, uache mabonge madogo.

Bati liwe la aluminiamu, lisiwe la kioo, na likae rafu ya chini kidogo ya katikati, nyuzi 175. Uso ukishika rangi mapema, ufunike kwa karatasi ya fedha, uache chini pamalize kazi. Mabati ya Bundt, aliyoyatengeneza H. David Dalquist wa Nordic Ware hapa St. Louis Park mwaka 1950, yana tundu linalopeleka joto katikati, na mkate wake hupinduliwa ukitolewa. Nayaheshimu kwa sababu hiyo ya pili: kitako ndicho kinachowakabili wageni, na mwokaji hana pa kukificha.

Yaliyobaki ni sheria, na sitazijadili. Mkate wa ndizi hauliwi siku uliyookwa. Hulala usiku mmoja umefungwa kitambaa, ladha zikajuana. Hautiwi chokoleti. Hautiwi njugu za aina yoyote. Haupakwi krimu. Zabibu ni chache na zimelowekwa. Huliwa na chai ya maziwa au kahawa chungu.

Kuna watakaosema chakula cha shereheni ni cha kushukuriwa tu. Shukrani ina mahali pake, na aliyekesha akioka anastahili kushukuriwa mbele za watu. Sifa ni jambo jingine. Binti aliyeoka ule mkate wa Juni ana mkono mwepesi. Iliki yake ilikuwa mpya, ndizi zake zilikuwa zimeiva barabara. Alikosa dakika kumi na tano za moto na karatasi ya kufunika uso. Hayo ni mambo ya kuambiwa mara moja tu akayashika. Lakini watu wazima waliojaa hemani walimwambia amekwisha kufika, naye ataoka vilevile kwa arusi tatu zijazo. Mwenye ulimi ana wajibu kwa mwenye mkono. Ukipewa mkate, shukuru, omba kipande cha katikati, kigeuze, kisha umwambie mwokaji kwa upole na kwa ukweli ulichokiona.