Pale Benga Inapopanda

Santuri ndogo za benga ya Ekegusii zilizovuma katika baa za Kisii na Nyamira miaka ya 1970 na 1980 zimepitiwa na sindano nyingi nzito na butu. Je, inafaa kuzinunulia kichwa cha sindano cha bei ghali? Naona inafaa, mradi pesa iende kwenye almasi ya ncha yake.

Sababu iko ndani ya benga yenyewe. Mwimbaji huanza kwa kusimulia na kutaja majina ya watu, kisha sauti zinanyamaza na magitaa yanashika wimbo. Wenye benga huiita sehemu hiyo klaimeksi. Wimbo ukigawanywa pande mbili za santuri ya inchi 7, klaimeksi huangukia mwisho wa upande wa pili, karibu na lebo, na hapo ndipo santuri ilipo dhaifu. Sahani huzunguka mara 45 kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mizunguko ya ndani ni mifupi, kwa hiyo mawimbi ya sauti hubanwa. Ncha ya duara ya sindano ya kawaida haiingii vizuri katika mawimbi hayo yaliyobanwa. Gitaa la solo, ambalo ndilo tulilokuwa tukilisubiri, linatoka likikwaruza.

Mchonga almasi ndiye aliyetatua jambo hili, na namvulia kofia. Miaka ya 1970 Norio Shibata wa JVC, Japani, alibuni ncha nyembamba inayogusa kuta za mfereji wa santuri kwa mstari mrefu wa wima. Ilikusudiwa santuri za chaneli nne, zilizohitaji kusomwa hadi karibu hezi 45,000. Santuri zile zilikufa sokoni, ncha ikabaki. Almasi hainolewi ila kwa unga wa almasi, tena chini ya hadubini; kisha hubandikwa kwenye kijiti chembamba, na ikiinama kidogo tu kazi yote imepotea. Kwetu ina faida ya ziada: mara nyingi inagusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za baa hazikuifikia. Santuri uliyodhani imekwisha huanza kuimba.

Mwili wa kichwa ni habari nyingine. Koetsu, kampuni iliyoanzishwa na Yoshiaki Sugano, ilivalisha baadhi ya vichwa vyake jade au oniksi, na bei ilifika maelfu ya dola. Siwezi kudharau jiwe, maana nimewatazama wachongaji wa Tabaka, huko Kisii, wakisugua jiwe la sabuni kwa maji na msasa, kwanza mkali kisha laini, mpaka kiganja kisikute mkwaruzo. Ni uzuri wa kweli. Lakini kwa santuri zetu singelipia jade.

Wala si kila muziki unaodai ncha ya Shibata. Obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, huvuma chini sana, na mawimbi yake ni mapana. Denon DL-103, kichwa cha sindano kilichoundwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji, ina ncha ya duara na bei ya wastani, na mvumo ule inautoa ukiwa mnene, umetulia.

Kabla ya yote, nunua mizani ndogo ya kupimia uzito wa sindano. DL-103 inataka gramu 2.5. Ukizidisha, unachimba mfereji. Ukipunguza, sindano inarukaruka na kuujeruhi vilevile. Halafu osha santuri, vumbi jekundu litoke.