Majina Matano na Watu Wasiotajwa

Shairi la Rudyard Kipling kuhusu wasaka mabomu ya baharini, lililomo katika kijitabu chake The Fringes of the Fleet cha mwaka 1915, husifiwa kwa wepesi wake. Sifa hiyo haitoshi. Wepesi huo ni kawa tu. Atakaye kujua kilichomo chini yake hana budi aifunue.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Tangu mwaka 1910 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa na akiba ya wavuvi na meli zao za kukokota nyavu. Vita vilipozuka mwaka 1914, nyavu ziliwekwa kando. Meli mbili zilikwenda sambamba zikikokota waya wa chuma baina yao. Waya ukikata amari ya bomu lililotegwa, bomu huibuka, nalo hupigwa risasi kwa mbali. Manahodha walikuwa wale wale na winchi zile zile. Aliyebadilika ni samaki.

Shairi lina beti tatu: alfajiri maji yakianza kujaa, adhuhuri yakianza kutoka, na magharibi. Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa mengi. Bomu lililofungwa chini hukaribia uso wa bahari kadiri maji yanavyokupwa, na tumbo la meli hizo hukaa chini sana majini. Kwa hiyo ubeti wa pili, ambao kwa juu juu ni milipuko na ndege walioshtuka, ndio ambamo hatari inaanza kuzidi. Kipling haitaji hatari hiyo. Ameyaachia maji yaiseme.

Kila ubeti huishia kwa majina yale yale matano ya meli, katika lugha kavu ya taarifa za ofisini. Hapo ndipo ulipo ushairi wake. Tufikapo mwisho tunayahesabu huku tumezuia pumzi, na yote matano yamerudi. Kibwagizo kimekuwa daftari la mahudhurio.

Lakini ni mahudhurio ya vyombo. Hakuna baharia hata mmoja anayetajwa. Edward Elgar alipolitia muziki, waimbaji wanne walipanda jukwaani London mwaka 1917 wakiwa wamevaa kivuvi. Mabaharia wakapata sura, jina hawakupata. Majina yako kwingine. Huko Lowestoft, kilipokuwa kituo kikuu cha meli za namna hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia, mnara uliozinduliwa mwaka 1953 umeandikwa watu zaidi ya 2,300 ambao kaburi lao ni bahari.

Mfasiri basi ayafanyeje majina yale matano? Mengine yana maana, nayo hushawishi kugeuzwa Kiswahili, maana nasi vyombo vyetu tunavipa majina yenye maana. Nashauri yaachwe yalivyo. Jina la chombo kilichotoka halifasiriki: aliyebaki pwani hungojea kulisikia lile lile.