Makumbusho si gari na picha: watoto wetu wajifunze mageuzi ya wanyama namna gani?



Kuna wazo linalorudi kila mara tukizungumzia masomo ya biolojia: eti watoto wetu hawaelewi mageuzi ya wanyama kwa sababu hawana makumbusho ya kutembelea. Nusu ya wazo hilo ni kweli. Nusu ya pili inatudanganya.

Tuanze na ile ya kweli. Mwanafunzi anayesoma mageuzi kwenye ubao tu anapata maneno: Lamarck, Darwin, shingo ya twiga. Anayaandika, anayakariri, anayatapika siku ya Egzetat, kwisha. Twiga mwenyewe hajawahi kumuona. Mwenzake wa Nairobi anaweza kuingia Makumbusho ya Taifa na kujifunza habari za Kijana wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya, katika kundi la Richard Leakey. Umri wake ni karibu miaka milioni 1.5. Mwaka 2006 viongozi kadhaa wa makanisa huko walipinga maonyesho hayo, na nchi nzima ikabishana. Sisi hata fasi ya kubishania hatuna. Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa mwaka 2019, yanahusu zaidi tamaduni zetu, na toka Kasongo kufika kule ni safari ya kuuza shamba.

Na wanyama wetu je? Wako Tervuren, Ubelgiji: mamilioni ya ndege, samaki, wadudu na mafuvu, wengi wao kutoka Congo. Mtoto wa Brussels anapanda tram na kushuka mlangoni. Mtoto wa Kabambare anahitaji pasipoti na viza ili aone ndege wa msitu wa babu yake. Tukidai mali irudishwe tunataja vinyago na sanamu. Mafuvu ya wanyama ni nani anayeyataja?

Sasa ile nusu inayodanganya: kwamba ukiwa ndani ya makumbusho, basi utaelewa. Ona yaliyotokea pale pale Tervuren.

Mwaka 1929, mtaalamu Mjerumani Ernst Schwarz alimtangaza bonobo kwa wanasayansi, akitumia fuvu lililokuwa limewekwa katika makumbusho hayo kama la sokwe wa kawaida. Kisa cha tausi wa Congo kinashangaza zaidi. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin alipata Ituri unyoya mmoja uliopambia kofia ya mtu. Hakujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, akiwa Tervuren, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati. Kibandiko kilisema ni tausi wachanga wa India. Kumbe ni ndege wa Congo ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina! Walikaa pale zaidi ya miaka 20, wataalamu wakipita mbele yao.

Kwa nini Chapin aliona na wengine hawakuona? Wote walikuwa na macho, na kibandiko kilikuwa kile kile. Tofauti ni kwamba Chapin alikuwa na swali, na swali hilo alilibeba miaka 23.

Ndiyo sababu ninayapinga yale matembezi ya shule tunayoyaona kwenye picha za wenzetu na kuyatamani. Watoto 80 wanashuka kwenye gari, wanapanga mstari, wananakili vibandiko, wanapiga picha, wanakunywa soda, wanarudi. Huko ni kuhamisha ubao kutoka darasani na kuupeleka mjini. Kibandiko kinachukua kazi ya mwalimu anayesema andika, na hakuna anayemuuliza mtoto: wewe umeona nini?

Tena sayansi haikungojea jengo. Mwaka 2007, watafiti waliofika Opala, upande wa Lomami, walikuta kima wa ajabu amefungwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula, walimjua siku nyingi. Mwaka 2012 ulimwengu ukapewa jina la kisayansi: Cercopithecus lomamiensis. Kwa hiyo ua wa mkurugenzi ulikuwa na kitu ambacho makumbusho makubwa hayakuwa nacho.

Basi turudi kwenye ile shingo ya twiga. Siku ya Idi ao ya harusi, mbuzi akichinjwa Kasongo, mwalimu aombe mifupa ya shingo, ichemshwe, isafishwe, ianikwe. Wanafunzi wahesabu pingili: 7. Twiga anazo 7. Okapi, ndugu yake wa karibu mwenye shingo fupi, anazo 7. Mtu pia 7. Kisha wahesabu za kuku: ni karibu mara mbili. Hapo swali linazaliwa lenyewe: kwa nini twiga, mwenye shingo ndefu vile, hakuongezewa mifupa, ila ile ile ilirefushwa? Mtoto aliyefika hapo ameanza kuelewa maana ya asili moja. Jina la Darwin linaweza kungoja wiki ijayo.

Kabati moja yenye kufuli, mifupa ya mbuzi, kuku, samaki na panya, na karatasi inayosema imetoka wapi na lini. Hayo ni makumbusho. Sharti moja tu: mtu asiwinde ao kununua mnyama wa msituni eti kwa ajili ya somo. Tukimaliza sokwe ili tufundishe habari za sokwe, tutakuwa tumefundisha nini?

Hii haituondolei haki ya kudai. Tuiombe Tervuren picha na orodha za wanyama waliotoka Maniema, na tuiombe serikali makumbusho ya wanyama mkoani. Lakini siku milango itakapofunguliwa, watoto wetu waingie na maswali yao mkononi, kama Chapin na unyoya wake. Bila hivyo watapita mbele ya tausi wao na kusoma kwamba ni wa India.

Walimu wa biolojia mlio humu, semeni: shule gani ianze?