Zakayo, Shuka: Miti ya Biblia Ikisomwa Mtaani

Ukishuka kutoka Olympic kuelekea Gatwekera, jaribu kuhesabu miti. Utaona mgomba nyuma ya choo, mpapai uliojiotea pembeni mwa mtaro, labda mkaratusi mmoja kule juu. Mingine yote ni mabati, nyaya na kamba za nguo. Na bado mahali hapa panaitwa Kibera, jina lililotokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walipopewa ardhi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, walipata miti kweli. Msitu ulikwisha, jina likabaki.

Nauliza swali dogo: mtu anayeishi ndani ya jina la msitu bila msitu, anaposikia habari za miti kanisani, anasikia nini? Maana Biblia imejaa miti. Inafungua na mti bustanini na kufunga na mti mjini, na katikati kuna ule mti wa Golgotha. Wahubiri wetu wanaipenda hiyo miti. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha, Kibera na Kawangware, kusema kwamba mara nyingi tunaisoma vibaya. Na usomaji mbaya una bei yake. Mtu akipewa tumaini la bandia, siku likivunjika anadhani ni Mungu aliyevunjika.

Tuanze na Zaburi ya kwanza, mti uliopandwa kando ya maji. Mtaani zaburi hii imekuwa kama tangazo la biashara: mcha Mungu ni mti, mti ni mafanikio, leta mbegu. Nimeisikia ikihubiriwa hatua chache kutoka mto Motoine, maji meusi yakipita na mifuko ya plastiki, na hakuna aliyecheka. Lakini tazama maandishi yenyewe. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa kupandwa lina maana ya kupandikizwa, kung'olewa kwingine na kuwekwa hapa. Na yale maji si mto wa kujiendea tu. Ni mifereji, kazi ya mikono ya watu. Tena mti wenyewe unazaa kwa majira yake, si kila Jumapili.

Soma hivyo, halafu mtazame jirani yako. Huyu alitoka Siaya, yule Vihiga, mwingine Murang'a. Sote tumepandikizwa. Maji tunanunua kwa mtungi, na siku mfereji ukikauka bei inapanda. Zaburi basi haimwambii mama wa Laini Saba kwamba akiomba sana atatajirika. Inamwambia kwamba mti hauishi bila mfereji, na kwamba mfereji lazima uchimbwe na mtu. Mhubiri anayesifu mti na kunyamaza kuhusu mfereji ameihubiri nusu ya picha.

Usomaji wa pili haukutoka kanisani, ulitoka barabarani. Mwaka 2023, kodi zilipozidi, Wakenya walimpa Rais William Ruto jina la Zakayo. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipofika bungeni, jina likawa wimbo wa maandamano: Zakayo, shuka! Vijana waliotembea kwa miguu hadi mjini, wengine kutoka mitaa hii yetu, wengi wao hawajafungua Biblia tangu shule ya Jumapili, walikuwa wanafanya ufafanuzi wa Luka 19 hadharani. Sijui kama fasihi ya Kiswahili ya miaka hii imetoa taswira kali kuliko hiyo: mtoza ushuru juu ya mti, na umati chini unamwita.

Mti wenyewe ni wetu. Biblia ya Kiswahili inauita mkuyu, na haikukosea. Ni mkuyu uleule unaoota kando ya mito Kenya, uleule ambao nabii Amosi alisema kazi yake ni kuutunza. Zakayo hakupanda mti wa kigeni.

Sasa, nani alisoma vizuri? Shule ya Jumapili ilitufundisha kwamba Zakayo alikuwa mfupi, akapanda, akaokoka, kwisha. Barabara ilisoma kwamba Zakayo yuko juu, ashuke, kwisha. Luka hasemi kwisha mahali popote hapo. Kwake, kushuka ni mwanzo tu. Yesu anamwita mtu yule ashuke upesi kwa sababu anataka kuingia nyumbani kwake leo, na ni ndani ya hiyo nyumba Zakayo anasimama na kutoa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anarudishiwa mara nne. Wokovu unatangazwa baada ya hesabu, si kabla. Kanisa liliificha hesabu, barabara iliificha nyumba. Kuna tumaini pale tu vyote viwili vipo: mkosaji anaweza kushuka akiwa bado binadamu, na aliyeibiwa anarudishiwa chake. Msamaha usio na mara nne ni dharau kwa maskini. Mara nne isiyo na mlango wa msamaha, nayo, inamfanya Zakayo ang'ang'anie tawi.

Kuna kitu kingine ambacho mti unafanya hapo. Katika Mwanzo, Adamu na mkewe walijificha kati ya miti ya bustani ili wasionekane. Zakayo anaingia kwenye majani ili aone, na humo ndani anaonekana, anaitwa kwa jina. Luka amechukua maficho ya zamani akayageuza kuwa mahali pa kupatikana.

Miezi saba kabla ya maandamano yale, tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili kila mtu apande mti. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Wazo zuri. Lakini mpangaji wa Kawangware, mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na notisi ya landilodi mlangoni, apande wapi? Hapo ndipo ninapobishana kidogo na mtu ninayemheshimu sana, Wangari Maathai.

Hakuna Mkenya aliyeisoma miti kwa imani kuliko yeye. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miche saba Kamukunji, ndio mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililotaka kumeza Uhuru Park. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, anasimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi miaka baadaye alivyoukuta umekatwa na kijito kimekauka. Alipendekeza Wakristo wapande miti Jumatatu ya Pasaka, kwa hoja rahisi: ili Yesu asulubiwe, ilibidi mtu akate mti. Aliamini maneno yake hadi mwisho. Alipofariki 2011, jeneza lake halikuwa la mbao bali la mwanzi, mafunjo na magugu-maji.

Hoja yake ya Pasaka ndiyo tafsiri bora zaidi ya msalaba niliyowahi kukutana nayo kutoka kwa Mkenya, kwa sababu inakumbuka kwamba msalaba uliwahi kuwa mti hai. Kiswahili kinamsaidia. Katika Biblia ya Union ya 1952, Petro na Paulo hawasemi kila mara msalaba; wanasema Yesu alitundikwa kwenye mti. Ni kama Kigiriki, ambacho neno lake moja hubeba mti wa kunyongea na mti wa uzima ule wa Ufunuo, ambao majani yake ni dawa ya mataifa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji chuo cha theolojia kuona uhusiano huo. Mti ni mti.

Lakini mugumo wa Wangari ulikuwa na shamba. Tumaini lake linasimama juu ya udongo ambao mtu anao, au anaweza kuupigania. Mpanda mti anahitaji miaka kumi. Mpangaji ana mwezi mmoja mmoja. Ukimwambia mtu asiye na ardhi kwamba tumaini ni kupanda mti, unaweza kuwa umemwambia, bila kukusudia, kwamba tumaini si lake.

Kwa hiyo natafuta mti mwingine katika maandiko, na naupata ukiwa umekatwa.

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, makanisa na shule zilikwenda chini, maelfu ya watu wakabaki nje kwenye baridi ya Julai. Kisiki tunakijua, hatuhitaji kuelezwa. Na Biblia inazungumza na visiki zaidi kuliko tunavyokumbuka. Isaya anaona chipukizi likitoka katika shina la Yese, yaani ukoo wa kifalme uliokatwa hadi chini. Naye Ayubu, sura ya 14, anasema mti uliokatwa una tumaini: hata mzizi wake ukizeeka ardhini, ukinusa maji tu utachipuka.

Aya hizo zinapendwa sana matangani. Nilizisikia katika ibada ya kijana wa plot yetu Kawangware, aliyetoka nyumbani Jumanne ile ya tarehe 25 Juni 2024 na hakurudi. Mhubiri alisoma aya ya saba, ya nane, ya tisa, akafunga kitabu na kuanza kutufariji. Mamake kijana, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akasema kwa sauti ya chini: "Endelea, Pastor. Soma ya kumi."

Mhubiri akasita. "Mama, hiyo tutaisoma baadaye."

"Hapana. Isome."

Aya ya kumi ni ngumu. Ayubu hasemi mtu ni kama mti. Anasema kinyume: mti una tumaini, lakini mtu akifa amekwisha, yuko wapi? Mti kwake si faraja, ni shtaka. Anamwonyesha Mungu kisiki na kumuuliza kwa nini ukuni umepewa kile ambacho mwanawe hakupewa. Tunaposimamia aya ya tisa tunamwibia Ayubu swali lake, na tunamwibia mama yule haki ya kuuliza. Yeye alikuwa mhakiki bora kuliko mhubiri, na kuliko mimi, kwa sababu alikataa nukuu iliyokatwa.

Tumaini la Kikristo, kama lipo, lazima lianzie kwenye aya ya kumi. Naamini lipo. Injili ya Yohana inasema pale aliposulubiwa Yesu palikuwa na bustani, na ndani yake kaburi. Na asubuhi ya tatu Maria analia, anamwona mtu, anadhani ni mtunza bustani. Yohana hakulijibu swali la Ayubu kwa hoja. Alituacha na mama anayelia bustanini na mtu anayemwita kwa jina, kama Zakayo alivyoitwa. Jibu hilo halimrudishi kijana wa Kawangware leo. Linakataa tu kwamba aya ya kumi ndiyo ya mwisho.

Na kwa asiye na shamba? Turudi Kibera. Kuna bustani za magunia: gunia la udongo limetobolewa ubavuni, sukuma wiki inatokea kila tundu. Sasa soma mfano wa haradali. Wasikilizaji wa Yesu waliijua picha ya Ezekieli, mwerezi mkubwa mlimani, ndege wakipumzika matawini. Yesu anachukua ndege walewale akawatua juu ya haradali. Marko ni mwaminifu, anaiita mboga. Luka anaiita mti. Haradali na sukuma wiki ni ndugu wa ukoo mmoja. Walioutarajia mwerezi wa ufalme waliletewa kitu cha jikoni.

Nadhani kulikuwa na kicheko hapo, na kicheko hicho ni chetu. Sukuma ukiiacha, ukichuma majani ya chini tu, inarefuka mpaka inakuwa na shina gumu kama fimbo. Watoto wa plot huiita mti. Mwenye nyumba akikufukuza, gunia unalibeba. Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wapande bustani huko huko ugenini, wale matunda yake. Hakungoja wapate hatimiliki.

Sisemi gunia linatosha. Mfereji bado lazima uchimbwe, na Zakayo bado ana deni la mara nne. Lakini jana jioni nilimpitia mama yule. Alikuwa kwenye ngazi, anamwagilia gunia lake kwa maji ya kuoshea mboga. Nilimuuliza kama amesoma aya ya kumi tena. Akasema huisoma kila siku. Halafu akanikatia majani saba, akayafunga kwa gazeti, akakataa pesa.